Lenzi Yangu na Doa la Izimbya

Jumamosi, 5 Julai 2025. Nyanga, Bukoba.

Nimeanza daftari jipya. La zamani nililisahau sebuleni, nikalikuta limefunguliwa mahali ambapo sikuliacha. Violeth, mke wangu, anasema alikuwa anafuta vumbi. Mtu anayefuta vumbi hafungui ukurasa wa kumi na sita. Hili jipya nitalifungia kabatini pamoja na kamera.

Asubuhi nimekwenda ufukweni na lenzi yangu ya milimita themanini na tano. Naiita Themanini na Tano tu. Ni lenzi ya kupigia nyuso. Inamchukua mtu, inamweka mbele, na kila kilicho nyuma yake inakiyeyusha kama samli kwenye kikaango. Tangu niinunue kwa Datius wa Muleba mwezi wa tatu, sipigi kitu kingine ila nyuso. Kazi yangu ya mshahara ni kusoma mita za maji. Kazi ya moyo ni hii.

Nimempata mama mmoja anaanika dagaa. Mwanga wa asubuhi umeingia katika kila mkunjo wa uso wake. Nimepiga goti, nimezuia pumzi. Mara nikasikia mtu ananisalimu kwa nyuma. Byabato. Kamera shingoni, na lenzi yake ndefu kama bomba. Saa moja asubuhi, ufukwe mzima huo, na yeye amesimama palepale. Nimemuuliza amejuaje. Amesema jana niliandika mwenyewe kwenye kikundi chetu cha wapiga picha cha WhatsApp kwamba nitakuwa ufukweni, anayetaka aje. Kweli niliandika. Lakini niliandika kwa adabu tu. Mtu muungwana angeelewa.

Byabato nimesoma naye shule ya msingi Izimbya. Kibanja cha mama yangu na cha baba yake, Ta Kahangwa, vimepakana, migomba kwa migomba. Sasa ni bwana mifugo huko Muleba. Siku tano anawadunga ng'ombe sindano, siku mbili ananifuata mimi.

Mchana Nancy, katibu wa kikundi, ametangaza maonesho. Tarehe 2 Agosti, ukumbini mjini. Kila mwanachama picha moja. Watazamaji watapiga kura, na picha itakayoshinda itatundikwa ukutani pale mwaka mzima. Mada: Uso. Nimesoma mara tatu kwa furaha. Mara ya nne nikaanza kujiuliza nani aliyeipendekeza mada hiyo, na kwa nini.

Nimeshaamua nitampiga nani. Mama yangu, Ma Kokushubila. Miaka sabini na minne, peke yake Izimbya na ng'ombe mmoja, na uso ambao hakuna aliyewahi kuutendea haki. Byabato asijue. Hata Violeth nimemwambia tu kwamba kesho nakwenda kuangalia kahawa inakaukaje. Amesema sawa, nisisahau kuchaji betri.

Jumapili, 6 Julai.

Izimbya kwa pikipiki. Ta Kahangwa amenipungia mkono kutoka kwenye kahawa yake. Nimempungia pia, lakini kidogo.

Nilipoingia uani, Mama aliinua uso akaniita Gozbert. Gozbert ni kaka yangu, yuko Mwanza, hajafika tangu Krismasi. Nimesimama hatua tano mbele ya mama yangu mzazi, na ananiita Gozbert. Siku nyingi nilijua nani anapendwa zaidi katika nyumba ile. Sikutegemea kuambiwa wazi namna hii.

Alikuwa amekaa mbele ya mkeka wa kahawa, anachambua. Haziangalii. Anazipitisha vidoleni, mbovu anazitupa pembeni, uso ameuelekeza kwenye migomba. Nimemuuliza mbona haangalii kazi yake. Amesema mikono inajua. Jibu la mtu anayeficha jambo.

Chai ameimimina nusu kikombeni, nusu kwenye sinia. Nilidhani kikombe kimepinda. Nimekikagua. Hakijapinda. Naandika hapa kwa kumbukumbu.

Lakini mwanga ulikuwa wa ajabu. Nimempiga picha arobaini na moja. Alikaa kimya, kidevu juu kidogo, kama anayesikiliza mtu wa mbali. Nimerudi Nyanga naimba.

Saa kumi nimewasha kompyuta. Doa. Jicho la kushoto, katikati kabisa ya mboni, doa jeupe kama tone la maziwa. Picha ya kwanza lipo. Ya pili lipo. Zote arobaini na moja. Jicho la kulia nalo lina kivuli cha namna hiyo, ila hafifu.

Ni ukungu wa lenzi. Mpiga picha anauogopa kama mkulima anavyoogopa mnyauko wa migomba. Unaingia katikati ya vioo, unaota, na hutoki nao salama. Lakini Themanini na Tano yangu inalala kwenye kopo lenye mchele mkavu. Ukungu hauwezi kuingia wenyewe. Umeingizwa.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Sikukuu, hakuna mita. Nimefanya uchunguzi. Violeth kwenye kiti cha sebuleni: macho safi. Mbuzi wa jirani: macho safi. Mimi mwenyewe kwenye kioo: macho safi, ingawa ni ya mtu anayeonewa. Nimepiga hata ukuta mweupe. Hakuna doa.

Nimekaa nikafikiri sana. Doa linatokea Izimbya tu, na kwa Mama tu. Maana yake aliyeliweka anajua nampiga nani na wapi. Na nani aliniona Izimbya jana? Ta Kahangwa. Mzee wa namna ile hapungi mkono bure. Lazima alimpigia simu mwanawe.

Nimeweka mtego. Zipu ya mkoba wa kamera nimeipaka unga wa ngano. Atakayeufungua atabaki na weupe vidoleni. Jioni nikaufungua nione kama kuna mtu ameufungua. Violeth ameuliza tangu lini nasukuma chapati nikiwa nimevaa shati jeusi. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 10 Julai.

Leo nilipanga kumkabili Datius aliyeniuzia lenzi. Kazini nikasema jino linauma, na ili niaminike nikajifunga kitambaa shavuni. Mkuu wangu ameingiwa na huruma mno. Alikuwa na mkutano Muleba, akanipakia kwenye gari na kunishusha mlangoni kwa daktari wa meno anayemfahamu. Akaingia nami ndani. Nilikaa kwenye kile kiti huku nikitafuta namna ya kutoka. Daktari amenimulika akakuta jino bovu kweli. Limetoka.

Nikafika kwa Datius nusu ya mdomo imekufa ganzi. Ni fundi simu, ana duka dogo. Amechukua tochi, akaimulika lenzi mbele na nyuma, akaigeuza, akaipuliza. Amesema ni safi kuliko siku aliyoniuzia. Nikamkamata hapohapo: kwa hiyo siku ile ilikuwa chafu. Hakunielewa hata neno moja. Ikabidi niandike shtaka langu kwenye karatasi. Ameisoma, amecheka, akanipa maji ya kunywa. Yote yamepita upande wenye ganzi na kuishia kifuani.

Natoka, nani anaingia? Byabato, na chupa ya chai. Anasema ofisi yake iko mtaa wa pili na kila Alhamisi wanakunywa chai pamoja. Kila Alhamisi. Muuzaji wa lenzi na adui wa lenzi, chupa moja.

Ameliangalia shavu langu, kisha akauliza Mama anaendeleaje. Hakuuliza naendeleaje mimi niliyetoka kung'olewa jino. Ameuliza Mama. Akasema kuna jambo alitaka kuniambia juu yake, akasita, akasema basi, alishaahidi kutolisema. Nimeondoka bila kuaga. Hata ningeaga isingesikika.

Jumamosi, 12 Julai.

Mpango wa chambo. Jana niliandika kwenye kikundi kwamba leo nitakuwa Kimwani kwenye mashamba ya mpunga, natafuta nyuso za wakulima. Byabato akajibu ndani ya dakika moja. Ni vizuri sana, naye yuko Kimwani leo kuchanja ng'ombe, atanisubiri tule pamoja. Amenasa. Kimwani ni huko mbali Muleba. Mimi asubuhi nimewasha pikipiki kuelekea Izimbya.

Safari hii Mama alinijua kabla sijashuka. Amesema pikipiki yangu inakohoa. Nimemuuliza kama kuna mtu aligusa mkoba wangu Jumapili. Hakuna. Nikamuuliza kama kuna mtu anakujakuja hapa. Akazirudia kahawa zake. Baadaye akasema Byabato alipita mwezi uliopita alipokuja kumsalimu baba yake.

Nikauliza alifanya nini. Akasema alimkalisha kwenye kigoda akammulika machoni na tochi.

Nimelirudia swali mara mbili. Tochi. Machoni. Jicho hili, kisha lile. Basi kila kitu kimekaa mahali pake. Byabato anajaribu mwanga. Anamwandaa mama yangu, tena kwenye kigoda cha nyumbani kwetu, kwa ajili ya picha yake ya maonesho. Nimemuuliza Mama huyo mtu alimwambia nini. Akasema nisimuulize zaidi, ndizi zinaungua jikoni. Nimekwenda jikoni. Ndizi zilikuwa bado hazijamenywa.

Nimepiga picha thelathini. Doa lipo.

Jumatatu, 14 Julai.

Ujumbe wa Byabato. Alinisubiri Kimwani mpaka saa tisa. Alikuwa amenunua samaki na kuomba wapikiwe wali wa shamba lenyewe. Ana wasiwasi kwamba pikipiki iliharibika njiani. Anauliza jino linaendeleaje.

Hakuna hata neno moja la hasira. Mtu ambaye hakasiriki baada ya kufanyiwa hivyo ana mpango mkubwa kuliko nilivyofikiri. Nimemjibu: Asante, nilipata dharura. Nikaifuta asante. Nikairudisha. Nikaifuta tena, nikatuma.

Jumatano, 16 Julai.

Kituo changu cha kwanza leo kilikuwa mita ya duka la Nancy. Yeye ndiye anayechapa picha zote za maonesho. Sikuja kupeleleza. Mita ni mita. Lakini bahasha za wanachama zilikuwa mezani karibu na dirisha, na ya Byabato ilikuwa juu. Nancy alipoingia ndani kutafuta risiti, nikaiinua bahasha kwenye mwanga. Nimeona umbo kubwa jeusi, limejaa picha nzima, na pembeni kama ncha mbili za kilemba zilizosimama.

Mama ana kilemba cha namna hiyo. Alikivaa Pasaka.

Nancy amerudi akanikuta na bahasha usoni. Nimemwambia naangalia kama ina unyevu, maana bomba lao linavuja. Akauliza linavuja wapi. Nikainama kumwonesha, nikalegeza nati kidogo ili lisiwe neno la uongo. Lililegea zaidi ya kidogo. Nimerudi ofisini nimelowa mpaka soksi, na nimejiandikia mwenyewe taarifa ya hitilafu.

Jumamosi, 19 Julai.

Leo siandiki kwa furaha.

Nilitaka picha moja ya mwisho, itakayomfunika Byabato. Nikaweka kigoda karibu na mkeka wa kahawa, penye mwanga wa upande, nikarudi nyuma hatua kumi, nikamwambia Mama aende akae. Akaenda. Akapeleka mkono nyuma kukitafuta kigoda, akakikosa, akakaa hewani. Alianguka kwa ubavu juu ya kahawa. Mimi nilikuwa na jicho kwenye kamera. Kidole kikabonyeza. Ninayo picha ya mama yangu akianguka, imetoka safi kabisa, na natamani nisingekuwa nayo.

Hakuvunjika. Kiwiko kimechubuka, kifundo cha mkono kimevimba. Nilimwinua nikamuuliza mbona hakukiangalia kigoda. Akasema nilikiweka vibaya. Nikakichunguza kigoda. Miguu mitatu, yote mizima. Nikauliza nani aliyekisogeza. Kweli niliuliza hivyo. Nayaandika kwa sababu nimeapa kuandika ukweli katika daftari hili.

Byabato alikuwa kwa baba yake, akasikia kelele, akaja mbio akipita katikati ya migomba. Alimshika Mama mkono, akaukunja na kuukunjua polepole, akaufunga kwa kitambaa. Mimi nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Tochi, chai ya Alhamisi, bahasha. Nikamwonesha doa kwenye kioo cha kamera, nikamwambia aseme sasa alivyoiharibu lenzi yangu. Aliliangalia muda mrefu. Akamwangalia Mama kama anayeomba ruhusa. Mama akageuza uso.

"Evarist," akasema, "ukungu wa lenzi haumfuati mtu mmoja. Hilo doa haliko kwenye lenzi, liko kwenye jicho. Mama haoni."

Nikamjibu kwamba yeye ni daktari wa ng'ombe. Akasema ndiyo, na mtoto wa jicho amemwona kwa ng'ombe wengi, na kwa mtu yuko vilevile. Tofauti ni kwamba ng'ombe hamwapishi daktari asimwambie mtoto wake. Nikamgeukia Mama nikidhani atakasirika kulinganishwa na ng'ombe. Hakukasirika. Alikuwa amepiga magoti anapapasa kahawa zilizomwagika, punje moja moja, anazirudisha kwenye mkeka.

Jumapili, 20 Julai.

Nimelala Izimbya. Asubuhi kabla ya misa nimezipitia kwenye kamera picha zote za Mama tangu mwezi wa tatu. Machi, katikati ya mboni kuna chembe kama ya chumvi. Mei, kama punje ya mchele. Juni. Julai. Nimemtazama mama yangu mara mia mbili kwa lenzi kali kuliko zote nizijuazo, na mara zote mia mbili nilikuwa naitazama lenzi.

Nimemuuliza kwa nini hakusema. Alikunywa chai yake yote kwanza. Kisha akanikumbusha Ma Klaudia, rafiki yake wa ng'ambo ya bonde. Ma Klaudia aliwaambia watoto wake kwamba haoni vizuri, wakaja wiki hiyohiyo na gari wakamhamishia mjini. Sasa anakaa kwenye sebule yenye vigae, hana hata mgomba wa kushika. Yeye, Mama, kibanja hiki anakijua kwa nyayo. Anajua mgomba gani uko hatua ngapi kutoka mlangoni. Kwangu Nyanga hajui hata mlango unafungukia wapi. Huko ndiko angekuwa kipofu kweli.

Byabato alikuwa amekuja kumkamulia ng'ombe kwa sababu ya mkono uliovimba. Mama akamwita asogee, kisha akanigeukia.

"Nitakwenda hospitali," akasema. "Lakini utanirudisha hapa. Si kwako, hapa. Sema mbele ya Byabato."

Nimesema. Byabato alisimama na ndoo ya maziwa mkononi, akaitikia kama shahidi wa ndoa. Nilitaka kumshukuru. Halafu nikajiuliza nani alimwambia aje kukamua, nafasi ikapita.

Jumatano, 23 Julai.

Hospitali, Bukoba mjini. Foleni yenye nyuso nyingi nzuri. Sina kamera, Violeth alinipokonya mlangoni.

Daktari wa macho ni dada kijana, Dokta Vestina. Ameeleza kwa utaratibu. Leo wataanza na jicho la kushoto. Lenzi ya jicho iliyochafuka itatolewa, itawekwa mpya ya bandia. Niliposikia lenzi nikasogeza kiti. Nimeuliza ni ya milimita ngapi. Amesema upana wake ni kama milimita sita. Nimeuliza imetoka kwa nani, kama kuna mtu aliwahi kuitumia, kama imemulikwa na tochi, inahifadhiwa wapi na kama humo kuna mchele. Nikamwambia asinielewe vibaya, ni kwamba na mimi nimewahi kununua lenzi. Dokta Vestina ameniomba nisubiri nje. Violeth naye ameniomba. Aliyenifukuza hasa ni Mama.

Nje kuna mita ya maji. Nimeisoma mara tatu, haina tatizo. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Niliogopa. Hapa naweza kuliandika. Nilikuwa najiuliza mara ya mwisho Mama aliuona uso wangu lini, na siku hiyo nilikuwa na sura gani. Sikumbuki. Pengine nilikuwa nimeuficha nyuma ya kamera.

Alhamisi, 24 Julai.

Wametoa bandeji saa tatu asubuhi. Mama alipepesa. Aliangalia dirishani kwanza, akasema kuna ndege juu ya bati. Kisha akaniangalia mimi, taratibu, kuanzia juu.

"Evarist," akasema. "Kumbe una mvi. Na jino lako liko wapi?"

Nikatoka nje nikisema nakwenda kutafuta chai. Nilikaa huko mpaka Violeth akaja kunifuata.

Jioni hapa Nyanga ameomba kuona picha zangu. Nimemwekea kiti mbele ya kompyuta, nikasimama nyuma yake. Miezi mitano nimeingoja saa hiyo. Ameangalia ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akauliza kibanja chake kiko wapi. Nimemweleza kwamba lenzi hii inayeyusha vya nyuma ili uso ubaki peke yake, na hiyo ndiyo sifa yake, watu wanaitafuta kwa udi na uvumba. Akasema amepalilia migomba ile miaka hamsini, na mimi nimeigeuza uji.

Akauliza kama Byabato naye hana picha. Violeth, bila aibu, akafungua kwenye simu picha ambayo Byabato alimpiga Mama Pasaka. Mama yuko katikati, mdogo kama kidole, na migomba yote kuanzia mlangoni mpaka kwa Ta Kahangwa. Mama alihesabu mikungu kwa ncha ya kidole. Kumi na tisa. Akasema hii sasa ni picha.

Nimefunga kompyuta.

Jumamosi, 2 Agosti.

Maonesho. Mama nilimrudisha Izimbya Jumapili iliyopita, kama nilivyoahidi. Alishuka kwenye gari akatembea kibanja kizima peke yake, akigusa kila mgomba, na huko ndiko nilikompigia picha niliyoileta leo. Jicho la kushoto wazi na linang'aa, la kulia linasubiri zamu yake mwezi wa tisa. Nyuma ni uji, lakini uji wa kijani kizuri.

Nancy ameitundika mkabala na dirisha, mahali panapoakisi mwanga. Nimemuuliza nani alinichagulia nafasi hiyo. Amesema nafasi zilipigiwa kura ya bahati, na nilichomoa karatasi mwenyewe.

Byabato ameleta ng'ombe. Uso wa ng'ombe mweusi kutoka Kimwani, umejaa picha nzima, masikio mawili yamesimama, nzi mmoja puani. Kwa hiyo ile bahasha. Siandiki tena hapa nilichodhani kimo ndani. Nimemlalamikia Nancy kwamba mada ni Uso. Amesema mada haikutaja uso wa nani.

Watu walicheka mbele ya ng'ombe, wakaondoka, wakarudi na wenzao. Mbele ya Mama walinyamaza. Nilidhani kunyamaza ni dalili njema. Ng'ombe kashinda. Atakaa ukutani mwaka mzima.

Mama naye alikuja, na akapiga kura. Nimemuuliza kwa upole alimpigia nani. Amesema uso wake mwenyewe anaujua, ila ng'ombe yule hakuwahi kumwona, na ana kope nzuri.

Ukumbi ulipopungua watu nilimwona Byabato amesimama peke yake mbele ya picha ya Mama, kofia mkononi. Alikaa pale kuliko mtu yeyote leo. Nikamwendea, nikamwambia asante kwa ajili ya jicho la Mama. Akasema Mama alikuwa akimpa viazi vya kuchoma kila tulipotoka shule, je, nilidhani angenyamaza mpaka lini. Tukapeana mikono.

Nakiri hapa kwa wino. Mwezi mzima nimemshuku mtu mwema, na mwenye shida alikuwa mbele ya macho yangu, namwangalia bila kumwona. Kuanzia leo sitamshuku mtu kabla sijamtazama vizuri. Nimelipigia mstari chini.

Jumapili, 3 Agosti.

Kuna jambo.

Kanisani Violeth alikishika kitabu cha nyimbo mbali, mkono umenyooka, mpaka kikamgusa mgongoni mama wa benchi la mbele. Mimi niliyekuwa kando yake sikuweza kusoma hata mstari. Nyumbani ikawa hivyohivyo kwa simu. Anaisogeza mbali, anaiinamisha, anakunja uso. Nilipojongea ili nione, akasema nimemzibia mwanga. Ilikuwa saa saba mchana na madirisha yote wazi.

Kisha akanipa simu nimsomee ujumbe wa dada yake, Celina. Eti herufi ni ndogo. Mke hampi mumewe simu hivihivi. Ananipa ujumbe mmoja nisome ili nisiulize mingine. Na kifungo alichonishonea jana ni cha bluu kwenye shati jeusi. Mtu hakosei namna hiyo. Hiyo ni ishara, ila sijajua anampa nani.

Nimemuuliza moja kwa moja anaficha nini. Alifumba macho, akayasugua kwa vidole, akasema kichwa kinamuuma tangu wiki iliyopita.

Kesho jioni nitajibanza nyuma ya pazia na Themanini na Tano. Kila atakapoinyoosha simu nitapiga, halafu nikuze picha mpaka herufi zisomeke. Kwa umbali ule ingefaa lenzi ndefu ya Byabato. Sitaiomba. Jana ukumbini alimsalimia Violeth kwa furaha mno, tena akamuuliza kama ameshakwenda kumwona Dokta Vestina. Kwenda kufanya nini? Mgonjwa alikuwa Mama.

Wanadhani sioni. Namshukuru Mungu, macho yangu mimi ni mazima.